Tairi la lami na njia za vumbi kwa baiskeli ya milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule ambaye safari yake huanzia kwenye lami, ikakata kuingia njia ya vumbi, ikapanda kilima chenye mawe, kisha ikarudi kwenye lami kabla giza halijaingia. Kama unaendesha mlimani tu, au lami tu, mengi humu hayakuhusu sana. Kama unachanganya, soma kwa utulivu, kwa sababu tairi ndilo jambo litakalobadilisha baiskeli yako zaidi ya kitu kingine chochote utakachokinunua.

Je, kweli lipo tairi moja linalofaa lami na vumbi?

Lipo, mradi ujue linakupa nini na linakunyima nini. Meno marefu yaliyoachana huuma udongo mlaini vizuri, lakini kwenye lami kila jino hujipinda linapobanwa chini na kujinyoosha linapoachiwa, na kule kujipinda hula nguvu za miguu yako na kuzigeuza joto. Tairi lisilo na meno kabisa hukimbia vizuri kwenye lami, ila kwenye changarawe ya mteremko halina cha kushikia. Tairi la kati haliongozi upande wowote kati ya hizo mbili. Faida yake ni kwamba unamaliza safari yote bila kujilaumu popote.

Ukitaka jibu langu kwa sentensi moja, ni hili: tairi la mbele lichague kwa ajili ya vumbi, la nyuma lichague kwa ajili ya lami, kisha upepo ndio umalizie kazi. Karibu kila nitakachosema chini ni maelezo ya sentensi hiyo.

Nianzie wapi kabla sijatazama tairi lolote?

Anzia kwenye njia zako. Watu wengi husema wanapita nusu lami na nusu vumbi. Andika safari zako za wiki mbili, kwa dakika, na mara nyingi utakuta lami imechukua sehemu kubwa kuliko ulivyodhani, maana vumbi hukaa zaidi kwenye kumbukumbu kuliko kwenye saa.

Halafu jiulize ni wapi moyo wako hudunda. Kama dakika kumi tu za vumbi lako ni mteremko wa mawe yaliyolegea wenye kona kali, dakika hizo kumi zina sauti kubwa kuhusu tairi la mbele kuliko saa nzima ya lami. Kama vumbi lako ni njia pana, tambarare, iliyoshindiliwa na magari, huhitaji meno mengi hata kidogo.

Mwisho tazama udongo wenyewe. Udongo mgumu uliokaushwa na jua hupenda meno mafupi yaliyosongamana, kwa sababu kinachoshika pale ni mpira mwingi kugusa ardhi. Changarawe iliyotawanyika juu ya udongo mgumu huhitaji meno ya pembeni yenye ncha. Mchanga huhitaji upana na upepo mdogo. Matope ya mfinyanzi ndiyo pekee yanayodai meno marefu yaliyoachana, na hapo nasema wazi kwamba tairi la mchanganyiko litakuangusha. Kama kwako matope ni ya siku chache kwa mwaka, siku hizo pita njia nyingine. Kama ni ya miezi, tafuta tairi la matope la kufunga msimu huo.

Nitajuaje saizi sahihi? Tairi langu limeandikwa inchi 26.

Usiamini inchi peke yake. Kwenye ubavu wa tairi tafuta namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili haina mjadala: lazima ilingane na ya rimu yako. Baiskeli za milimani za inchi 26 hutumia 559, za 27.5 hutumia 584, na za 29 hutumia 622.

Mtego uko kwenye 26. Tairi lililoandikwa 26 x 2.1, kwa nukta, ni la 559. Lililoandikwa 26 x 1 3/8, kwa sehemu, ni la 590, nalo ni kubwa mno kwa rimu ya baiskeli ya milimani: litalegea na halitakaa hata ufanye vipi. Hiyo 559 yenyewe ni ya zamani kuliko mchezo wa milimani: kampuni ya Schwinn ya Marekani ilileta matairi manene ya 26 x 2.125 mwaka 1933, na vijana wa California walipoanza kushindana kuteremka milima miaka ya 1970, baiskeli kuukuu zenye matairi hayo ndizo walizokuwa nazo. Saizi ikabaki.

Kwa wenye 29 kuna habari njema. 622 ni kipenyo kilekile cha magurudumu ya 700C, yale ya baiskeli za barabarani, kwa hiyo matairi ya changarawe ya milimita 45 au 50 nayo yamo katika uchaguzi wako, mradi rimu yako si pana mno.

Upana gani unafaa?

Kati ya inchi 2.0 na 2.25 kwa wengi wetu. Chini ya 1.9 unaanza kupoteza mto wa hewa unaokulinda na mawe. Juu ya 2.35 tairi linakuwa zito, na uzito wa tairi huusikia kila unapoondoka ukiwa umesimama.

Dhana ya kwamba tairi jembamba daima ni jepesi kwenda haina ukweli mwingi. Ukilinganisha matairi mawili ya aina moja yenye upepo uleule, lile pana hugusa ardhi kwa alama fupi na pana, na hivyo kwa kila mzunguko halijikunji sana kama jembamba. Kinacholifanya tairi la milimani liburute kwenye lami mara nyingi ni meno na mpira mzito. Upana husingiziwa.

Pima nafasi kabla ya kununua. Acha kama milimita 6 kila upande kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na uma wa mbele, kwa sababu gurudumu hucheza kidogo na kijiwe kilichonata kwenye meno kinaweza kukwaruza fremu hadi ikaliwa. Rimu yenye upana wa ndani wa milimita 19 hadi 25 huenda vizuri na matairi ya 1.9 hadi 2.3. Kumbuka pia kwamba tairi lilelile likifungwa kwenye rimu pana hutanuka zaidi.

Meno yaweje?

Hapa ndipo pa kutulia. Ligawe tairi katika sehemu tatu: katikati, mabega, na ile sehemu iliyo baina yake.

Katikati ndiyo inayogusa lami unapokwenda wima. Unataka meno mafupi, milimita mbili au tatu, yaliyokaribiana sana au hata kushikana kuwa kama mgongo mmoja. Pitisha kidole katikati ya tairi kulizunguka lote: kikipanda na kushuka kama kwenye ngazi, masikio yako yatasikia ngazi hiyohiyo kwenye lami. Angalia pia upande wa mbele wa kila jino. Ukiwa umekatwa mshazari, jino linaingia ardhini taratibu na tairi linakwenda kwa wepesi. Upande wa nyuma wa jino ukiwa wima, unashika unapofunga breki. Muundaji aliyefikiria vizuri hufanya yote mawili kwenye jino moja.

Mabegani unataka meno marefu kidogo, yenye kona kali na kitako kipana. Haya hayagusi lami unapokwenda moja kwa moja, kwa hiyo hayakugharimu kitu. Yanaamka unapolala kwenye kona ya vumbi. Yabonyeze kwa dole gumba upande upande. Jino linalolala kwa urahisi mkononi litalala hivyohivyo chini ya uzito wako, na kwenye kona ya lami utahisi kama baiskeli inaogelea.

Sehemu ya baina ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyoangusha wengi. Matairi mengine yana mgongo laini usio na meno katikati, meno makubwa mabegani, na pengo tupu kati yake. Ukilala kidogo kwenye changarawe, mgongo unaacha kushika kabla mabega hayajafika chini. Hapo kuna nukta ya hofu ambayo baiskeli haikushikwa na kitu. Mtu mwenye ujuzi huivuka kwa kulaza baiskeli upesi na kwa uhakika. Mwanafunzi huogopa, huinua baiskeli, na hapo ndipo huanguka. Kama bado unajifunza, chagua tairi lenye meno madogo yanayojaza pengo hilo, hata kama litakuwa zito kidogo kwenye lami.

Je, naweza kuweka tairi tofauti mbele na nyuma?

Unaweza, na kwa mchanganyiko huu nadhani unapaswa. Si jambo jipya: miaka ya 1990 Panaracer waliuza matairi mawili yaliyozoeleka pamoja, Dart kwa mbele na Smoke kwa nyuma, kila moja likiwa na mchoro wake.

Sababu ni kazi. Gurudumu la nyuma hubeba kama asilimia sitini ya uzito ukiwa umekaa, nalo ndilo linalosukumwa na mnyororo. Uburutaji mwingi na ulikaji mwingi uko huko. La mbele hubeba kidogo, lakini ndilo linaloongoza, na ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimama. Tairi la nyuma likiteleza, baiskeli inayumba na mara nyingi una muda wa kuirekebisha kwa kiuno. La mbele likiteleza, huna muda.

Mimi nilijifunza hili kwenye kona ya changarawe niliyokuwa nimeipita mara nyingi. Nilikuwa nimefunga tairi jipya lenye meno nyuma, kwa kuwa la nyuma ndilo lililokuwa limeisha, na mbele nikaacha kipara. Siku hiyo niliingia kona kwa kasi ileile ya siku zote. Gurudumu la nyuma lilishika sawasawa, la mbele likaondoka upande, na nikatua kwa kiwiko. Tangu hapo, tairi jipya huenda mbele. Lililokuwa mbele huhamia nyuma kumalizia maisha yake.

Kwa hiyo jozi ninayoipendekeza ni hii: mbele tairi la 2.2 lenye mabega imara na mpira laini kiasi, nyuma tairi la 2.1 lenye katikati iliyosongamana na mpira mgumu zaidi. Tofauti isizidi mno. Mbele likishika sana na nyuma likawa halina meno kabisa, kila mteremko mkali utakuwa ukipigana na mkia wa baiskeli, na kupanda mlima wenye vumbi jepesi ukiwa umesimama kwenye pedeli hutaweza.

Nijaze upepo kiasi gani?

Swali hili lina thamani kuliko la chapa gani ununue, na inanisikitisha kwamba linaulizwa kwa nadra. Kwa makadirio, eneo la tairi linalogusa ardhi ni uzito ulio juu yake ukigawanywa kwa upepo uliomo. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 45. Ukiwa na PSI 30 (PSI ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo), tairi linagusa ardhi kwa karibu sentimita 21 za mraba. Ukipandisha hadi PSI 45, zinabaki kama 14. Umepoteza theluthi ya mguso wako na ardhi kwa pampu tu, bila kubadilisha jino hata moja.

Kwa mwendeshaji wa kilo 70 hadi 75, mwenye tairi la 2.1 au 2.2 lenye tyubu ndani, anza na PSI 28 mbele na 31 nyuma kwa vumbi. Kama siku hiyo ni lami karibu yote, 38 na 42 ni kiasi kizuri. Ukiwa mzito zaidi ongeza, ukiwa mwepesi punguza, hatua ya PSI mbili mbili. Daima la nyuma liwe na zaidi kidogo.

Na siku ya mchanganyiko? Wengine hujaza wa lami wanapoondoka, wakafika njia ya vumbi wakabonyeza vali kutoa kidogo, kisha wakapampu wakati wa kurudi. Inawezekana, na kwa safari ndefu nafanya hivyo. Kwa safari ya kawaida naweka PSI 32 mbele na 36 nyuma, naenda. Kwenye lami napoteza kidogo sana. Kwenye vumbi nabaki salama.

Sikiliza baiskeli. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, upepo ni mdogo. Tairi likirukaruka juu ya kokoto kama mpira wa watoto, au viganja vikifa ganzi, upepo ni mwingi, na kule kurukaruka hakukupi kasi: kila unaporushwa juu, nguvu zako zinainua mwili badala ya kuusogeza mbele. Ndiyo maana tairi gumu kama jiwe, ambalo mkononi huonekana la kasi, kwenye njia mbovu huwa la pole.

Nunua geji ya kupimia upepo yako mwenyewe na utumie hiyo hiyo siku zote. Geji mbili hazikubaliani, lakini moja hukubaliana na nafsi yake. Dole gumba halipimi. Na ile namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo ambacho usikivuke. Haina maana kwamba ndicho kiasi cha kujaza.

Kwenye lami yenye mvua, meno si ndiyo yanayoshika?

Hapana. Gari huhitaji mifereji kwa sababu tairi lake ni pana, lina upepo mdogo na linakwenda kasi, hivyo linaweza kuelea juu ya maji. Tairi la baiskeli ni jembamba, mgongo wake ni wa mviringo, nalo hukata maji na kufika chini kwa mwendo wowote wa kawaida. Kinachoshika kwenye lami iliyolowa ni mpira laini kugusana na mawe madogo ya lami, na meno hupunguza mguso huo. Mistari ya rangi barabarani, vifuniko vya chuma na majani yaliyooza havishikwi na tairi lolote. Vipite ukiwa wima na vidole mbali na breki.

Mpira laini au mgumu?

Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Kwenye matairi ya baiskeli, mpira wa 50 au chini ya hapo ni laini: hunata kwenye mawe na mizizi, lakini lami huula kama kifutio kinavyoliwa na karatasi. Karibu na 60 ni mgumu: hudumu, na hukimbia. Matairi mengi ya bei ya juu huchanganya, mpira mgumu katikati na laini mabegani, na kwa safari za mchanganyiko huo ndio mpango ninaoupenda. Kama kampuni haikuandika kipimo, kandamiza jino kwa ukucha na ulinganishe na tairi jingine la dukani. Utahisi tofauti.

TPI ni nini, na ina maana?

Ni idadi ya nyuzi katika inchi moja ya kitambaa kilicho ndani ya tairi. Nyuzi 120 ni nyembamba, tairi linakuwa jepesi na lenye kujikunja kwa urahisi juu ya vijiwe. Nyuzi 60 ni nene, tairi linakuwa zito kidogo na ubavu wake huvumilia kukwaruzwa. Kwa njia zenye mawe makali mimi nachagua 60 na silali nikijuta.

La waya au la kukunjika?

La kukunjika lina nyuzi za aramidi ukingoni badala ya waya wa chuma. Hupunguza uzito kwa makumi ya gramu na hukaa kwenye begi la safari. Kushika ardhi hakubadiliki kwa sababu ya waya pekee, ila kampuni nyingi huweka mpira wao bora kwenye toleo la kukunjika tu, na hilo ndilo la kuulizia.

Pancha zinaniandama. Nifanye nini?

Kwanza tazama tundu. Tundu moja dogo upande wa nje wa tyubu ni mwiba, msumari au kioo. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka maana yake tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu: huo ni upepo mdogo au tairi jembamba, na hakuna mkanda wa kinga utakaolizuia hilo. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni kichwa cha spoku au utepe wa rimu uliosogea. Watu hununua matairi mapya kwa kosa la utepe uliokaa vibaya.

Kama ni miiba, matairi yenye tabaka la kinga chini ya meno husaidia kweli, nayo hulipiwa kwa uzito na ugumu. Kabla ya kufunga tyubu mpya au yenye kiraka, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba uliovunjikia humo utatoboa tena kabla hujafika kona ya kwanza.

Njia nyingine ni kuacha tyubu kabisa. Matairi haya, ambayo wengi huyaita tyubulesi, yalipata mfumo rasmi wa UST mwaka 1999 kutoka kwa Mavic wakishirikiana na Hutchinson na Michelin. Ndani humwagwa utomvu wa kuzibia, na mwiba unapotoboa, utomvu hukimbilia tunduni na kuganda. Faida kubwa kwa mtu wa mchanganyiko ni kwamba hakuna tyubu ya kubanwa, kwa hiyo unaweza kushusha upepo PSI nne au tano zaidi kwenye vumbi. Hasara ni matunzo: utomvu hukauka na huhitaji kuongezwa kila baada ya miezi michache, mapema zaidi kwenye joto. Rimu na tairi vyote lazima viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Hata ukiwa nayo, beba tyubu moja, kwa sababu ubavu uliopasuka hauzibwi na utomvu.

Yale yenye mgongo laini katikati na meno pembeni tu, yanafaa?

Yanafaa kwa mwenye lami ya robo tatu na zaidi, na vumbi kavu lisilo na mteremko mkali. Continental Double Fighter ni mfano wa aina hii. Yafunge nyuma kwa moyo mweupe. Mbele, kumbuka lile pengo nililolieleza.

Nitajie majina basi.

Vittoria Mezcal lina meno mengi madogo katikati, linakwenda kwa wepesi usiotarajia, na kwenye udongo mkavu linashika vizuri mbele na nyuma. Maxxis Ikon ni la ukoo huohuo. Continental Race King lina meno mafupi sana na ni zuri nyuma. Tazama toleo, kwa sababu la waya la bei nafuu na lile la ProTection lenye mpira wa BlackChili ni matairi mawili tofauti yenye jina moja. Schwalbe Smart Sam limetengenezwa hasa kwa watu wa lami na vumbi, katikati imesongamana na mabega yana meno ya kweli. Kenda Small Block Eight limejaa vijino vidogo kila mahali, tamu kwenye udongo mgumu, dhaifu kwenye matope.

Ukiniuliza jozi moja ya kuanzia, ningefunga Mezcal mbele na Race King nyuma, na ningeendesha mwaka mzima kabla ya kufikiria kubadilisha.

Mshale uliochorwa ubavuni unamaanisha nini?

Ni upande tairi linapozungukia. Matairi mengine yana mshale mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma, yakielekea pande tofauti: mbele kwa ajili ya breki, nyuma kwa ajili ya kusukuma. Ufuate. Ukikosea, tairi halitapasuka, ila litavuta zaidi na kushika kidogo.

Nitajuaje limeisha?

La nyuma hubapa katikati kabla ya kuisha. Litazame kutoka nyuma: likiwa bapa kama paa la basi badala ya mviringo, litakuwa zito kuingia kona na litaangukia ukingoni ghafla. Meno yanayochanika kwenye kitako, nyuzi zinazoonekana, mipasuko midogo ubavuni kama ya udongo uliokauka, na uvimbe wowote: hayo ni ya kubadilisha leo. Pancha tatu katika wiki mbili kwenye tairi la zamani nazo ni ujumbe, mpira umekuwa mwembamba.

Mbele usingoje hayo. Kona za meno ya mabega zikishaviringika, hata kama urefu upo, kazi yake mbele imekwisha. Lihamishie nyuma.

Ninunue jozi mbili za magurudumu, moja ya lami na moja ya vumbi?

Ikiwa wiki nzima unakwenda kazini kwa lami na Jumapili unakwenda mlimani, ndiyo, ni raha kubwa: unatoa magurudumu na kufunga mengine kwa dakika tano. Hakikisha diski za breki ni za saizi moja, na gia za nyuma za jozi zote mbili zizeeke pamoja, la sivyo mnyororo uliozoea gia kuukuu utaruka kwenye mpya. Lakini kama lami na vumbi vimo ndani ya safari moja, jozi ya pili itabaki imetundikwa ukutani, na pesa hiyo ingenunua tairi zuri la mbele, geji, na pampu inayotosha mfukoni.